Injini inamisi mvua ikinyesha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Injini inamisi pale silinda inapokosa kuwaka kwa zamu yake. Majibu mengi hapa yanahusu injini za petroli, za zamani zenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi) na za sasa zenye koili juu ya kila plagi. Dizeli ina swali lake huko chini, na kama ndilo gari lako ruka moja kwa moja, maana karibu yote yatakayotangulia hayakuhusu.

Kwa nini gari linasumbua siku ya mvua tu, jua likitoka linapona lenyewe?

Kwa sababu umeme wa plagi umepata njia ya mkato. Koili inapokea volti 12 za betri na kuzipandisha hadi volti 20,000, mara nyingine 40,000 au zaidi, ili cheche iruke kwenye ncha za plagi. Umeme wa nguvu hiyo hautulii ndani ya waya kwa hiari yake. Unazuiwa na mpira, plastiki na kauri iliyouzunguka. Mpira ukiwa na ufa, au plastiki ikiwa imeshika vumbi na oili, siku ya jua cheche bado inafika inapotakiwa, kwa kuwa hewa kavu haipitishi umeme kirahisi. Ikinyesha, maji yanaingia kwenye ule ufa, yanachanganyika na ule uchafu, na umeme unateleza kupitia hapo hadi kwenye chuma cha injini. Ndani ya silinda hakuna kilichowaka. Wewe huku ndani unahisi gari linatetemeka na kukohoa.

Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida. Yanayopitisha ni maji yaliyochanganyika na chumvi, vumbi na masizi. Ndiyo maana magari mawili ya aina moja yanaweza kupita kwenye mvua ileile, moja likaishia kusukumwa na jingine lisijue hata kama kulinyesha. Hitilafu ilikuwepo tangu kiangazi. Mvua imeitoa mafichoni tu. Ukilishika hilo, utaacha kuiogopa mvua na utaanza kuitumia kama kifaa cha kupimia.

Hewa yenye unyevu peke yake haiwezi kuwa sababu?

Ikivutwa tu ndani ya silinda, haiwezi kufanya injini imisi. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu ina mvuke wa maji karibu asilimia 4, na mvuke huo unachukua nafasi ya oksijeni, kwa hiyo nguvu inapungua kidogo. Mwendesha magari ya mashindano ataona kwenye vipimo vyake. Mimi na wewe hatutaona kitu.

Nianze kuangalia wapi?

Anza na saa kabla ya kushika spana. Linasumbua lini hasa? Jibu la swali hilo hupunguza kazi kwa nusu.

Likisumbua asubuhi tu, wakati wa kuwasha, kisha likatulia baada ya dakika kumi hivi hata kama mvua haijakatika, huo ni umande uliotuama kwenye vitu vya umeme wa volti nyingi: ndani ya kifuniko cha distributa, juu ya koili, kwenye nyaya za plagi. Joto la injini linakausha, na gari linakuwa zima hadi kesho asubuhi.

Likiwaka vizuri, likaanza kumisi baada ya mwendo wa robo saa kwenye mvua, maji yanarushwa au yanadondoka mahali fulani. Yanaweza kupanda kutoka chini kwa sababu ile karatasi ngumu ya plastiki iliyokuwa chini ya injini iling'oka siku nyingi na hakuna aliyeirudisha. Yanaweza pia kushuka kutoka juu, kwenye mfereji ulio chini ya waipa.

Likisumbua ukipita kwenye dimbwi tu, angalia vitu vilivyo chini: soketi ya sensa ya krenki (mhimili unaozungushwa na piston), soketi za sensa za oksijeni, mkanda wa alteneta (jenereta inayochaji betri), na mdomo wa bomba la hewa. Karatasi ya chujio la hewa ikilowa inabana hewa, na sensa inayopima hewa ikirushiwa matone hutoa hesabu za uongo.

Na likisumbua siku nzima baada ya mvua, hata barabara ikiwa imeshakauka, kuna maji yametuama mahali pasipo na njia ya kutokea. Mara nyingi ni kwenye mashimo ya plagi au kwenye soketi za waya.

Kuna dalili nyingine ya kuiangalia. Karibu magari yote yenye tatizo la umeme wa plagi humisi zaidi yakiwa na mzigo: kupanda mlima kwa gia ya juu, au kukanyaga mafuta ghafla. Kadiri hewa inavyosongwa zaidi ndani ya silinda ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi zaidi kuruka, na volti zikipanda hutafuta pa kutokea penye wepesi. Kwa hiyo usiridhike na injini kunguruma vizuri gari likiwa limesimama.

Fundi ameliangalia akasema halina tatizo. Nifanyeje?

Simlaumu. Mgonjwa akifika kwa daktari homa ikiwa imeshuka, daktari naye afanye nini? Ulilipeleka saa sita mchana, jua kali, kila kitu kimekauka. Fundi mwaminifu atakwambia haoni kitu. Asiye mwaminifu atakuuzia pampu ya mafuta.

Liache gari gereji lilale nje, fundi aliwashe mwenyewe alfajiri. Kama haiwezekani, rekodi video kwa simu siku linaposumbua, ukielekeza kamera kwenye dashibodi ili mshale wa mizunguko na taa vionekane, na sauti isikike. Njia ya tatu ni kumwomba anyunyizie maji kwa makusudi, kama inavyoelezwa kwenye swali linalofuata. Usikubali kubadilishiwa kitu kabla tatizo halijaonekana kwa macho ya mtu.

Hilo jaribio la chupa ya maji gizani linafanywaje?

Ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji mashine. Tafuta chupa ya kunyunyizia, kama ile ya kulowanishia nguo za kupiga pasi, yenye ukungu mwembamba. Weka maji, tia na chumvi kidogo mno, chembe za ncha ya vidole tu, ili yapitishe umeme kama maji ya barabarani. Subiri usiku, gari likiwa nje. Usifanye ndani ya chumba kilichofungwa hata kama kina giza zuri. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, nayo inaua bila harufu.

Washa injini, fungua boneti, zima taa zote. Kwanza tazama bila kunyunyizia chochote. Nyaya zilizochoka sana huonyesha mwanga hata zikiwa kavu. Kisha nyunyizia kidogo, sehemu moja kwa wakati: waya wa plagi ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho, ngoja sekunde kadhaa, halafu wa pili. Kifuniko cha distributa kiwe cha mwisho, maana kikilowa chote hutajua tena nani mkosaji. Kwenye injini yenye koili juu ya plagi, nyunyizia kuzunguka shingo ya kila koili.

Jioni moja niliinama juu ya injini ya silinda nne ambayo mwenyewe aliapa nyaya zake ni mpya. Waya wa kwanza kimya, wa pili kimya. Nilipofika wa tatu, pale unapolala juu ya kibano cha chuma, kikatokea kinyoya cha rangi ya samawati kinachocheza, na sauti ya tik, tik, tik kama mdudu anayegonga ganda. Injini nayo ikaanza kuchechemea kwa mdundo uleule. Tulipoutoa waya mchana, ufa wenyewe ulikuwa mfupi kuliko punje ya mchele, upande wa chini ambako hakuna jicho lingeufikia. Na kweli nyaya zilikuwa mpya. Ulisuguliwa na kile kibano.

Tahadhari chache. Usishike waya wa plagi injini ikiwa inawaka, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiinamie injini kabisa. Nguo zinazoning'inia ziwe mbali na mkanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe bila taarifa. Usinyunyizie alteneta, kompyuta ya injini wala bomba la ekzosi lililopata moto. Na ukungu ni ukungu, usilete mpira wa bustani.

Nimenyunyizia maji injini ikatulia badala ya kuvurugika. Maana yake nini?

Umepata kitu kingine. Ukinyunyizia karibu na mahali injini inapovutia hewa, maji yanaweza kuziba kwa muda ufa kwenye gasketi au kwenye kijibomba cha mpira kilichokatika. Hewa ya wizi inakoma na mngurumo wa chini, ule mafundi wanaouita silensi, unatulia kwa sekunde chache. Hilo ni vuja la hewa. Linahitaji kutengenezwa, ila tafuta bado chanzo cha shida ya mvua.

Gari langu lina distributa. Natafuta nini ndani yake?

Fungua kifuniko, kipeleke kwenye mwanga, kigeuze taratibu. Unatafuta mstari mwembamba mweusi uliojipinda kama mzizi, kana kwamba mtoto amechora kwa penseli kutoka nukta moja ya shaba hadi nyingine au hadi ukingoni. Futa kwa kitambaa. Kama ni vumbi litatoka. Kama hautoki, hiyo ni njia ya kaboni: umeme ulipita hapo, ukaunguza plastiki, na plastiki iliyoungua imebaki kaboni inayopitisha umeme. Kila cheche inayopita hapo inaikoleza zaidi.

Kuisugua kwa msasa ni kupoteza muda, kwani unasambaza kaboni ileile. Badilisha kifuniko pamoja na rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, na hamisha nyaya moja baada ya nyingine kutoka cha zamani hadi kipya ili mpangilio usivurugike. Nimewaona watu wazima, wenye uzoefu, wakizichomoa zote kwa mpigo na kisha kukaa nusu siku wakizibahatisha.

Angalia pia kama muhuri wa chini ya kifuniko upo, na kama kile kitundu cha kupumulia hakijaziba. Distributa isiyopumua hutoa jasho ndani.

Mahali inapokaa distributa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mini ya kwanza, gari dogo lililotoka Uingereza mwaka 1959, ilikuwa na distributa mbele kabisa, nyuma tu ya wavu wa mbele, ikipokea mvua usoni. Kuzimika kwake kwenye mvua kukawa maarufu, na wenye magari hayo wakazoea kuziba mbele kwa ubao au kuivisha distributa glavu ya mpira. Kama ya kwako nayo inatazama mbele, hakikisha kinga yake ya plastiki ipo.

Gari langu ni la kisasa, halina distributa wala nyaya za plagi. Nimesalimika?

Umepunguza tu sehemu za kuvujia. Koili iliyokaa juu ya plagi ina shingo ya mpira inayoshuka ndani ya shimo refu. Muhuri wa juu ukikauka, maji yanaingia na kutulia chini kama kwenye kisima, na plagi inasimama ndani ya dimbwi lake yenyewe.

Chomoa koili, mulika tochi ndani. Maji utayaona yaking'aa. Yanyonye kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti au yapulize kwa upepo wa kompresa, na ufanye hivyo kabla ya kufungua plagi, la sivyo yatashuka ndani ya silinda. Ukikuta oili badala ya maji, gasketi ya kava ya juu imekwisha, nayo oili hulainisha ule mpira hadi uanze kuvuja umeme. Chunguza shingo ya koili: kitone cheupe au kijishimo kama kilichochomwa kwa sindano ndipo umeme ulipokuwa ukitokea. Kwenye kauri ya plagi utaona mstari wa rangi ya kijivu au nyeusi unaolingana na tone hilo. Vikilingana, badilisha vyote viwili, maana kauri yenye mstari huo itatoboa na mpira mpya.

Kuna magari ya katikati, ambayo koili moja inahudumia plagi mbili. Hayo yakimisi silinda mbili za jozi moja, kwa mfano ya 1 na ya 4 kwenye injini nyingi za silinda nne, mtuhumiwa wa kwanza ni koili yenyewe.

Mashine ya fundi ya kusoma makosa ya gari imesoma P0300. Ndiyo nini?

Ni kodi, yaani namba ya kosa. P0300 ina maana silinda mbalimbali zinamisi bila mpangilio. P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. Lugha hii ni moja kwa magari yote yenye OBD-II, mfumo wa gari kujikagua lenyewe, uliolazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Ulaya ilifuata na mfumo wake unaofanana kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Kodi inakwambia silinda gani haikuwaka. Haikwambii kwa nini, na kamwe haisemi "nunua koili". Ukipata P0302, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 4, futa kodi, kisha lowesha tena. Ikija P0304, koili ni mbovu. Ikibaki P0302, rudi kwenye plagi, soketi na nozeli (kinyunyizio cha mafuta) ya silinda ya 2. Wengi wanahamisha koili kisha wanalijaribu gari barabarani kukiwa kukavu, kodi hairudi, wanasema limepona. Hawajapima kitu.

Muulize fundi pia kama mashine inaonyesha kumbukumbu ya wakati kosa lilipoingia. Ikisema maji ya injini yalikuwa nyuzi 24, ujue ni wakati wa kuwasha asubuhi. Ikisema 90 na kasi kubwa, ni barabarani.

Nimepima nyaya za plagi kwa mita, ziko sawa. Kwa nini bado zinalaumiwa?

Mita ya kawaida inapima kwa volti chache tu, na inapima kilicho ndani ya waya. Waya uliokatika ndani itakuonyesha. Ufa kwenye mpira wa nje haitauona hata siku moja, kwa sababu unavuja kwenye maelfu ya volti tu. Mita ikikataa waya, amini. Mita ikiusifu, nenda kwenye giza na chupa.

Plagi zilizochoka zinahusikaje na mvua?

Ncha za plagi zinalika na nafasi kati yake inapanuka. Magari mengi yanataka nafasi ya kati ya milimita 0.7 na 1.1, angalia kitabu cha gari lako. Ikizidi, koili inalazimika kupandisha volti zaidi kuivuka, na waya ambao ungevumilia unaanza kuvuja. Ndiyo maana plagi mpya mara nyingine huondoa tatizo la mvua kwa miezi kadhaa bila nyaya kuguswa. Halafu linarudi.

Mvua ikianza, mkanda unalia na taa zinafifia. Ni tatizo hilohilo?

Hapana, ingawa linaweza kuishia palepale. Mkanda uliolegea au kung'aa kwa uchakavu huteleza ukilowa, na alteneta haizunguki inavyopaswa. Wakati huohuo umewasha waipa, taa, feni ya ndani na hita ya kioo cha nyuma. Pima volti kwenye betri injini ikiwaka na vyote hivyo vikiwa vimewashwa: kwa kawaida utaona kati ya 13.5 na 14.5. Zikishuka chini ya 12.5, koili inapata umeme pungufu na cheche inanyong'onyea. Ukiwa hapo, kagua na waya wa ethi (wa kurudishia umeme) unaotoka betri kwenda kwenye bodi na injini. Unga wa kijani kwenye kichwa chake ni kutu ya shaba.

Je, mvua inaweza kuingia kwenye petroli?

Inaweza, kwenye tangi la kituo au kwa mfuniko wa gari usiobana. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini, palepale pampu inapovuta. Lakini tatizo hili halifuati mawingu. Linaanza muda mfupi baada ya kujaza mafuta na linaendelea jua likiwaka. Ukishuku, chota petroli kidogo kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Maji yatajitenga chini kwa mstari ulio wazi. Petroli yenye ethanoli hunyonya maji kiasi na kubaki safi kwa macho, hadi yazidi, ndipo inapojitenga.

Gari la kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa) linakosa nguvu siku ya baridi na ukungu, nikilizima kidogo linapona.

Barafu. Petroli ikigeuka mvuke kwenye koo la kabureta inapooza chuma kwa nyuzi nyingi, na unyevu wa hewa unaganda hapo hata kama nje ni nyuzi 10. Ukisimama, joto la injini linaiyeyusha. Angalia lile bomba linaloleta hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi. Kwenye magari mengi lilishatupwa.

Gari langu ni dizeli.

Dizeli haina plagi za cheche. Inawasha mafuta kwa kuisonga hewa hadi ipate moto. Hakuna volti 20,000 za kuvuja. Dizeli ikisumbua wakati wa mvua, toa maji kwenye kizibo cha chini ya chujio la mafuta, kisha kagua soketi za sensa na za nozeli, na chujio la hewa kama limelowa.

Nikipulizia WD-40, ile dawa ya kopo, kila kitu, si ndiyo tiba?

Jina lenyewe ni kifupi cha Kiingereza cha kufukuza maji (Water Displacement), jaribio la 40, na ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi hiyo. Itakufikisha nyumbani. Pulizia injini ikiwa imezimwa na si ya moto sana, acha harufu iishe ndipo uwashe, maana inashika moto. Lakini ukishapulizia umefuta ushahidi: ufa umejaa mafuta, jaribio la chupa halitaonyesha kitu leo, na wiki ijayo utando wake utakuwa umekamata vumbi. Mimi huiweka kwenye buti kwa dharura na siitumii gereji kabla ya kujua kinachovuja.

Kinachofaa kubaki mahali pake ni grisi ya silikoni. Paka kidogo ndani ya ukingo wa kofia ya mpira unaposhika plagi, iwe muhuri. Isijazwe kwenye chuma cha ndani.

Nimeosha injini, sasa inamisi.

Mashine ya maji ya presha imepeleka maji mahali ambapo mvua isingefika kwa miaka kumi. Kausha mashimo ya plagi, chomoa na kupuliza soketi zilizo karibu, acha boneti wazi juani. Ikikauka na isirudi hata kwenye mvua ya kweli, huna tatizo. Ikirudi, kuosha kumekusaidia.

Naweza kuendelea kuendesha hivyohivyo?

Tazama taa ya injini. Ikiwaka tuli, endesha taratibu hadi nyumbani. Ikiwakawaka, punguza mafuta mara moja na tafuta pa kusimama. Kumeta huko kunasema petroli isiyoungua inaingia kwenye katalitiki konvata, yale masega ya kwenye ekzosi, na inaungulia humo. Masega yanayeyuka, na bei yake hailingani na ya plagi.

Limezimika ndani ya maji yaliyotuama. Nijaribu kuliwasha?

Usijaribu, hata mara moja. Hewa inasongeka, maji hayasongeki. Kama silinda imevuta maji, piston ikipanda inakuta kitu kigumu na koni rodi, mkono unaoishikilia, inapinda. Livutwe litoke, fungua chujio la hewa. Likiwa limelowa, plagi zote zitolewe ndipo injini izungushwe na starta, maji yatoke kwenye matundu. Kagua na kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa haifai kuwashiwa injini.

Nimebadilisha koili, plagi na kila kitu. Bado.

Basi acha kutazama kinacholowa, utafute kinacholowesha. Hili lilinikuta kwenye gari langu mwenyewe. Silinda ya nne, ile ya nyuma kabisa, ilikula koili mbili kwa msimu mmoja, na mimi nikazilaumu koili za bei rahisi. Siku moja nilifungua ile plastiki iliyo chini ya waipa. Chini yake kulikuwa na bonge la majani yaliyooza, jeusi, zito kama tope la mfinyanzi, na juu yake kimeota kimche chenye majani mawili. Matundu yote ya kutolea maji yalikuwa yameziba. Mvua ikinyesha, mfereji ulijaa, ukafurika upande wa injini, na tone moja moja likawa linaanguka juu ya soketi ya koili ya nne. Nikiwa nimesimama kwenye mvua boneti wazi, sikuliona. Boneti ikiwa wazi maji hufuata njia nyingine.

Mfereji huohuo kwenye magari kadhaa hufurikia ndani, kwa hiyo zulia la miguuni mwa abiria likiwa bichi bila sababu, kagua kama kompyuta ya injini au boksi la fyuzi haliko karibu na hapo. Safisha matundu kwa waya laini, mimina jagi la maji kwenye kona moja ya chini ya kioo, kisha ya pili, na uiname utazame. Kwenye magari mengi yanatokea nyuma ya tairi za mbele, kwa mkondo, ndani ya sekunde chache. Yakichelewa au yakitokea upande mmoja tu, chomeka waya tena.